Kifungo Kinachotangulia Hukumu: Mahabusu wa Kasese na Jamii Inayowangoja

Sheria za Uganda, kama zilivyo za nchi nyingine zilizorithi mfumo wa mahakama wa Uingereza, hutofautisha aina mbili za watu wanaolala gerezani: mfungwa, ambaye mahakama imekwisha kumtia hatiani na kumpangia muda wa kutumikia adhabu, na mahabusu, ambaye anatuhumiwa tu na amewekwa rumande akingoja kesi yake isikilizwe. Ibara ya 28 ya Katiba ya mwaka 1995 humhesabu huyu wa pili kuwa hana hatia mpaka hatia hiyo ithibitishwe au yeye mwenyewe aikiri. Pamoja na hayo, kwa miaka mingi mahabusu wamekuwa karibu nusu ya watu wote walio katika magereza ya nchi hiyo, na kuna nyakati, kama mwaka 2011, walipopita nusu, hali inayomaanisha kwamba sehemu kubwa ya mateso yanayosimuliwa kuhusu magereza huwapata watu ambao hakuna hakimu wala jaji aliyewahi kuwahukumu. Katika wilaya ya Kasese, iliyoko chini ya milima ya Rwenzori, kuanzia Hima, mji wa kiwanda cha saruji upande wa kaskazini, hadi Bwera karibu na mpaka wa Kongo, jambo hili halikubaki kuwa takwimu za Kampala. Limeingia katika nyumba nyingi, na tangu Novemba 2016 limekuwa sehemu ya historia ya watu wa huko.

Dalili inayoonekana kwanza ni msongamano. Magereza ya Uganda yalijengwa kwa nafasi ya watu takriban 20,000, lakini katika miaka ya karibuni yamekuwa yakihifadhi zaidi ya 70,000, kwa hiyo mahali palipopimwa kwa ajili ya mtu mmoja hulala watatu na zaidi. Haitoshi kuilaumu Idara ya Magereza kwa hali hiyo, kwa sababu mkuu wa gereza anayeletewa mtu pamoja na hati ya hakimu hana ruhusa ya kusema kwamba nafasi imekwisha. Humpokea, humwandika kitabuni na kumtafutia pa kuweka ubavu. Idara hiyo, ambayo Dkt. Johnson Byabashaija alishika uongozi wake mwaka 2005, imejenga na kupanua, na mwaka 2020 ikaanza kutumia gereza jipya la Kitalya wilayani Wakiso, lakini idadi ya wanaoingia imekua kwa kasi kuliko kuta zinavyoinuliwa. Anayetaka kujua kwa nini gereza limejaa anapaswa kutazama mambo yanayotokea kabla ya lango lake, yaani kituo cha polisi, ofisi ya mwendesha mashtaka na orodha ya kesi mahakamani.

Katiba ilijaribu kuweka mipaka. Ibara ya 23 inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika muda wa saa 48, na baada ya marekebisho ya mwaka 2005 inasema kwamba mahabusu ambaye kosa lake linaweza kusikilizwa pia na mahakama za chini aachiwe kwa dhamana, yaani aruhusiwe kukaa nje kwa masharti, endapo atakuwa amekaa siku 60 kabla kesi haijaanza. Kwa makosa yanayosikilizwa na Mahakama Kuu peke yake, kama vile mauaji, uhaini na kumnajisi mtoto katika mazingira yanayozidisha uzito wa kosa, muda huo ni siku 180. Hapa ndipo ilipo nafasi ambayo maelfu ya watu wamepotelea, kwa sababu siku hizo 180 huhesabiwa mpaka kesi inapohamishiwa rasmi Mahakama Kuu, na baada ya hatua hiyo ya kuhamishwa hesabu ya Katiba husimama. Mwendesha mashtaka akikamilisha jalada siku ya 170, mshtakiwa hupoteza haki ile ya lazima na kubaki akisubiri zamu yake kwa mwaka, miwili au mitatu, huku dhamana ikiwa sasa ni hiari ya jaji. Zamu yenyewe hutegemea sesheni, jina linalotumika Uganda kwa vikao maalumu vya kusikiliza kesi nzito za jinai, ambavyo huitishwa fedha zinapopatikana na kupewa idadi ya kesi inayolingana na fedha hizo. Kesi isiyoingia katika orodha hungoja sesheni nyingine. Kwa muda mrefu kesi kubwa za Kasese zilisikilizwa na Mahakama Kuu mjini Fort Portal, ambayo ilihudumia pia wilaya nyingine za eneo la Rwenzori, hivyo mtu aliyekamatwa Bwera alikuwa katika foleni moja na watu wa Bundibugyo, Kabarole na Kyenjojo.

Haiwezi kusemwa kwamba Uganda haikujua. Ilikuwa Kampala, mwezi Septemba 1996, ambako wajumbe 133 kutoka nchi 47 walikutana na kupitisha Azimio la Kampala kuhusu Hali ya Magereza Afrika, waraka ambao hadi leo hutajwa katika vyuo vya sheria duniani, na ambao ulisema bila kuzungukazunguka kwamba mahabusu wapunguzwe, kwamba makosa madogo yashughulikiwe nje ya gereza, na kwamba haki za mtu haziishi anapofungwa isipokuwa zile ambazo kifungo chenyewe huziondoa. Mwaka huohuo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliunda nafasi ya mjumbe maalumu wa magereza, na Machi 2002 aliyeishika nafasi hiyo, Vera Chirwa wa Malawi, aliyatembelea magereza ya Uganda. Mama huyu, mwanasheria, hakuhitaji kuelezwa gereza ni nini: alikuwa amekaa kifungoni nchini mwake tangu mwaka 1981 hadi 1993, na katika kipindi hicho alihukumiwa kifo. Miaka zaidi ya ishirini imepita tangu ziara hiyo, na tatizo la watu kungoja kesi zao kupita kiasi bado lipo.

Kwa watu wa Rwenzori, uhusiano na gereza una mizizi mirefu zaidi. Wakoloni waliiweka nchi ya Wakonzo, wenyeji wa milima hiyo, chini ya ufalme wa Toro, na kodi zilikusanywa kwa jina la ufalme huo. Wakuu watatu wa upinzani wa mwanzo, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, walinyongwa mwaka 1921. Mwaka 1962, miezi michache kabla ya uhuru, wajumbe wa Wakonzo na wa jirani zao Wabamba walijitenga na baraza la Toro, viongozi wao akiwemo Isaya Mukirane wakakamatwa, na Mukirane alipopata dhamana alipanda milimani na kuanzisha serikali ya Rwenzururu, iliyodumu juu ya miteremko hiyo mpaka mwanawe, Charles Wesley Mumbere, aliposhuka na kuweka silaha chini Agosti 1982. Katika kipindi chote hicho gereza dogo la serikali ya mtaa, lililojengwa karibu na makao ya kaunti, lilikuwa mahali pa kuwaweka wasiolipa kodi ya kichwa, na kodi hiyo iliposimamishwa mwaka 2005 vizazi kadhaa vya wanaume maskini vilikuwa vimekwisha kupita humo kwa kosa la kukosa fedha. Sheria ya Magereza ya mwaka 2006 iliyaunganisha magereza hayo ya serikali za mitaa na yale ya serikali kuu, hatua iliyokuwa ya lazima, lakini majengo yaliyorithiwa yalikuwa vyumba vichache vya zamani, visivyo na zahanati wala maji ya kutosha, ambavyo havikujengwa kwa ajili ya mtu atakayengoja kesi ya mauaji kwa miaka.

Tukio lililoileta wilaya nzima mbele ya lango la gereza lilitokea tarehe 26 na 27 Novemba 2016. Ufalme wa Rwenzururu ulikuwa umetambuliwa na serikali mwaka 2009, na Mumbere akawa Omusinga, yaani mfalme, lakini uhusiano wake na serikali uliendelea kuharibika, hasa kwa sababu ya walinzi wa kifalme ambao vyombo vya usalama viliwashutumu kwa kupanga uasi. Baada ya mapigano ya siku ya kwanza ambamo polisi na raia waliuawa, jeshi lilivamia ikulu ya mfalme mjini Kasese. Shirika la Human Rights Watch, katika uchunguzi uliotolewa Machi 2017, lilihesabu watu wasiopungua 156 waliouawa katika siku hizo mbili. Waliobaki hai walikamatwa. Mfalme na watu zaidi ya 200 walishtakiwa kwa makosa yakiwemo uhaini, ugaidi na mauaji, na wengi wa walinzi wakapelekwa gereza la Kirinya mjini Jinja, mji ulio mashariki ya Kampala, zaidi ya kilomita 400 kutoka nyumbani kwao. Baadhi yao walifikishwa mahakamani wakiwa bado na majeraha. Mfalme alipata dhamana mapema mwaka 2017 kwa sharti la kutokwenda Kasese, na hivyo yeye aliyekuwa nje alizuiwa kurudi kwao, nao waliokuwa ndani hawakuweza kutembelewa kwa urahisi na mtu yeyote kutoka kwao.

Juni 2023, Mkurugenzi wa Mashtaka aliyaondoa mashtaka dhidi ya Omusinga na watuhumiwa zaidi ya 200, na Oktoba mwaka huo mfalme akarejea Kasese na kupokewa na umati. Furaha hiyo ilikuwa ya haki, na upatanisho uliotangulia kati ya ufalme na serikali ulistahili pongezi, lakini hesabu iliyobaki ni nzito na haikuzungumzwa ipasavyo. Kutoka Novemba 2016 hadi Juni 2023 ni miaka sita na nusu. Kama watuhumiwa walikuwa na hatia, jamaa za polisi na raia waliouawa hawakupata hukumu. Kama hawakuwa nayo, basi watu walitumikia kifungo kirefu bila hukumu, na hakuna theluthi ya msamaha iliyowahusu, kwa kuwa punguzo la theluthi moja ambalo sheria humpa mfungwa mwenye nidhamu huhesabiwa katika adhabu iliyokwisha kutolewa. Kwa pande zote mbili ukweli wa siku zile haukupimwa mahakamani mpaka mwisho, na wilaya iliyopoteza watu wengi namna ile ilistahili kusikia ushahidi wote ukitolewa hadharani.

Kuhusu hali ya maisha ndani ya kuta, maelezo kamili zaidi yalitolewa na shirika hilohilo la Human Rights Watch Julai 2011, baada ya kutembelea magereza 16 na kuzungumza na wafungwa na mahabusu 164 pamoja na maofisa. Katika vyumba vingi watu walilala sakafuni kwa ubavu mmoja, wamebanana kiasi kwamba hakuna aliyeweza kugeuka mpaka safu nzima ikubaliane kugeuka pamoja. Chakula kilikuwa posho, kama ugali wa mahindi unavyoitwa Uganda, na maharage, mara nyingi mara moja kwa siku. Nidhamu ya wodi ilikuwa mikononi mwa wafungwa wenyewe chini ya kiongozi aitwaye katikiro, ambaye katika baadhi ya magereza aliruhusiwa kupiga wenzake ingawa sheria inakataza. Tangu wakati huo mambo kadhaa yamebadilika kuwa mema: Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia mateso mwaka 2012, mtindo wa kujisaidia katika ndoo usiku umeondolewa katika magereza mengi, na huduma za dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zimesambazwa nje ya Kampala. Msongamano, hata hivyo, umezidi, nao hula kila kilichorekebishwa, maana choo kilichojengwa kwa watu 100 hakibaki choo kinapotumiwa na 300.

Madhara ya kiafya hufuata njia inayoeleweka vizuri. Kifua kikuu husambaa kwa hewa, na chumba kilichofungwa kuanzia jioni hadi asubuhi, chenye dirisha dogo na watu waliolala uso kwa kisogo, ni mahali ambapo mgonjwa mmoja asiyetambuliwa anaweza kuambukiza wengi kabla hajaanza kutema damu. Utafiti wa mwaka 2008 ulikadiria kwamba asilimia 11 ya waliokuwa magerezani Uganda walikuwa na virusi vya UKIMWI, karibu mara mbili ya kiwango cha taifa wakati huo, na mwili uliodhoofishwa na virusi hivyo ndio unaoshambuliwa kwa urahisi na kifua kikuu. Mwaka 2011 tiba ya kifua kikuu kwa wafungwa ilipatikana katika hospitali moja tu ya magereza, ile ya Murchison Bay huko Luzira, Kampala. Hatari huongezeka mahabusu anapohamishwa ghafla, au anapoachiwa mahakamani na kwenda nyumbani moja kwa moja bila karatasi ya matibabu, kwa sababu dawa za kifua kikuu zikikatishwa njiani vimelea hujenga usugu na ugonjwa huwa mgumu zaidi kutibika. Mtu huyo hupanda basi la Kasese, hulala na watoto wake chumba kimoja, hushinda sokoni Mpondwe. Ugonjwa alioupata kwa sababu serikali ilimfungia mahali pasipo hewa huwa ugonjwa wa kijiji. Mwaka 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kongo na wagonjwa wakapokewa katika hospitali ya Bwera, watu wa mpakani walifundishwa kunawa mikono na kutosogeleana. Ni vigumu kumpa mahabusu mafunzo ya namna hiyo na kisha kumrudisha katika safu inayogeuka kwa pamoja.

Suala la kazi linahitaji kutazamwa kwa makini zaidi katika Kasese kuliko wilaya nyingi, kwa kuwa huko gereza ni pia shamba. Magereza ya Mubuku na Ibuga yana ardhi kubwa katika uwanda wa chini, na kilimo cha magereza nchini, cha mahindi kwa ajili ya chakula na pamba kwa ajili ya mapato, hutegemea mikono ya wafungwa. Kazi yenyewe si uovu. Mtu anayeshinda shambani hupata jua, hujifunza mbinu za kilimo, na huepuka kukaa mwaka mzima akitazama ukuta. Uovu huingia pale kazi inapokuwa ya kulazimishwa kwa kipigo, inapomhusu mgonjwa au mahabusu ambaye hajahukumiwa, na inapouzwa kwa watu binafsi huku malipo yakibaki kwa wengine, mambo ambayo uchunguzi wa mwaka 2011 uliyakuta katika magereza kadhaa ya vijijini. Malipo rasmi ya mfungwa yamekuwa ya kiwango cha shilingi 100 za Uganda kwa siku kwa asiye na ujuzi hadi 500 kwa fundi, fedha ambazo hata zikikusanywa kwa wiki hazinunui mche wa sabuni. Zaidi ya hayo, wilaya hii ina uhaba wa ardhi usiofichika: sehemu kubwa yake ni Hifadhi ya Malkia Elizabeth, iliyotengwa mwaka 1952, na Hifadhi ya Milima ya Rwenzori, iliyotengwa mwaka 1991, na kilichobaki hugawanywa kati ya miteremko inayoporomoka, mradi wa umwagiliaji wa Mubuku, viwanda na mashamba hayo ya magereza. Kijana wa mlimani asiye na ardhi huingia hifadhini kutafuta kuni, samaki au nyama, hukamatwa chini ya sheria ya wanyamapori, na hujikuta akilima kwa lazima katika uwanda uleule ambao nje ya gereza hana hata hatua moja ya kulima. Serikali yoyote inayotaka kupunguza uhalifu huko ingeanza na swali hilo la ardhi.

Mzigo wa familia huanza siku ya kwanza. Ili mahabusu apate dhamana, mahakama hudai wadhamini, yaani watu wa kuaminika watakaoahidi kumleta, nao waje na kitambulisho cha taifa na barua ya mwenyekiti wa LC1, ambalo ni baraza la kijiji. Mara nyingi hudaiwa pia fedha taslimu. Kila kimoja kati ya hivyo kina nauli, muhuri na siku ya kazi iliyopotea, na mdhamini akikosa kufika asubuhi kesi ikitajwa, mahabusu hurudi ndani mpaka tarehe nyingine. Katiba humpa wakili wa serikali mtu anayekabiliwa na adhabu ya kifo au kifungo cha maisha, lakini anayeshtakiwa kwa wizi wa kuku au kupigana kwenye kilabu hana haki hiyo, na ndiye anayeweza kukaa rumande muda unaozidi adhabu ambayo angepewa kama angekiri siku ya kwanza. Nyumbani, mbuzi huuzwa kwanza, kisha kahawa iliyo bado mtini hukopewa fedha kwa bei ya hasara, na mwisho kipande cha shamba. Mke huachwa na madeni, na ndugu wa mume huanza kuulizana juu ya mali ya mtu aliye hai. Mtoto wa kwanza huacha shule. Mahabusu akiachiwa baada ya miaka mitatu bila kukutwa na hatia, hakuna ofisi inayomrudishia shamba, na kesi ya kudai fidia ingehitaji wakili ambaye tangu mwanzo hakuweza kumlipa.

Wanawake ni wachache gerezani, asilimia ndogo tu ya jumla, na uchache huo umewafanya wasahaulike. Sheria ya mwaka 2006 humruhusu mama kukaa na mtoto mchanga mpaka afikishe miezi 18, na baada ya hapo mtoto apelekwe kwa jamaa au mahali pa malezi, lakini pale ambapo jamaa wamemkataa mama huyo kwa aibu, mtoto huendelea kukaa ndani kupita umri huo, akijifunza kusema miongoni mwa watu wanaofungiwa kila jioni. Hakuna hoja ya usalama wa taifa inayoweza kuhalalisha jambo hilo kwa mwanamke anayetuhumiwa kosa dogo, na hapa hakimu anayekataa dhamana anapaswa kujua kwamba hati yake imefunga watu wawili.

Wapo wanaosema kwamba katika wilaya ya mpakani, ambako waasi wa ADF walivamia shule ya Mpondwe Lhubiriha Juni 2023 na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi, ni heri kuwashikilia washukiwa kwa muda mrefu kuliko kuhatarisha maisha ya raia. Hofu hiyo ina msingi wa damu na haipaswi kudharauliwa. Lakini mifano ya karibu huonyesha kwamba gereza lililojaa kupita kiasi ni lenyewe hatari kwa usalama. Upande wa pili wa mpaka, katika mji wa Beni, gereza la Kangbayi lilivamiwa Oktoba 2020 na zaidi ya watu 1,300 wakatoroka. Agosti 2022 gereza la Kakwangura mjini Butembo likavamiwa na zaidi ya 800 wakaondoka. Uganda yenyewe ilishuhudia waasi wa ADF wakilivunja gereza la Katojo mjini Fort Portal Desemba 1999, na Septemba 2020 watu 219 walitoroka gereza la Moroto wakiwa na bunduki. Mtuhumiwa wa ugaidi anayewekwa chumba kimoja na kijana aliyekamatwa na samaki wa hifadhini, wote wawili bila tarehe ya kesi, hupewa muda na msikilizaji mwenye uchungu, na hakuna mpango wa kuajiri wapiganaji ulio rahisi kuliko huo. Kesi inayosikilizwa mapema hutenganisha watu hawa wawili, mmoja akafungwa inavyostahili na mwingine akarudi kwao.

Njia za kupunguza mzigo zipo na nyingine zimekwisha kujaribiwa Uganda. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2000 humruhusu hakimu kumpa mkosaji wa kosa dogo, lisilozidi kifungo cha miaka miwili, kazi ya bure katika shule, zahanati au barabara ya kijiji chake, huku akilala nyumbani. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vya sheria ya jinai vilivyotumika kuwakusanya watu mitaani kwa tuhuma ya uzururaji. Mwaka 2020, wakati wa janga la Korona, Rais alisamehe wafungwa 833, na nchi haikuingia katika machafuko kwa sababu hiyo. Makubaliano ya kukiri kosa, utaratibu ambao mshtakiwa hukiri ili apunguziwe adhabu na kesi ikaisha bila mashahidi, yalianza kutumika katika Mahakama Kuu mwaka 2014 na yamemaliza maelfu ya majalada. Hata hivyo utaratibu huu unapaswa kutumiwa kwa tahadhari kubwa, kwani mtu aliyengoja miaka minne bila wakili anaweza kukiri asilolitenda ili tu ajue siku ya kutoka, na ukiri wa namna hiyo hupunguza idadi ya mahabusu kwa kuongeza idadi ya wafungwa wasio na hatia.

Ushahidi kwamba gereza laweza pia kumjenga mtu upo Luzira. Susan Kigula, aliyehukumiwa kunyongwa mwaka 2002, aliongoza kesi ya watu zaidi ya 400 waliongoja kitanzi, na Januari 2009 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba adhabu ya kifo isiwe ya lazima na kwamba anayekaa zaidi ya miaka mitatu akingoja kunyongwa abadilishiwe adhabu iwe kifungo cha maisha. Akiwa bado ndani alisomea sheria kwa masafa katika Chuo Kikuu cha London, akasaidia wenzake kuandika rufaa zao, na akaachiwa mwaka 2016. Elimu ya aina hiyo hupatikana zaidi katika magereza makubwa ya Kampala, na mahabusu, ambao kwa jina tu ni wapitaji, mara nyingi huachwa nje ya mipango ya masomo na ufundi hata wanapokaa miaka mingi kuliko wafungwa. Hapana sababu kwa nini magereza ya Mubuku na Bwera yasiwe na darasa la jioni la kusoma, kuhesabu na kuandika barua ya kuomba dhamana.

Kujenga magereza mapya hakutatosha, maana nafasi mpya hujazwa na watu walewale wa sesheni ileile isiyo na fedha. Shilingi inayotengwa kwa ukuta ingefanya kazi kubwa zaidi ikimlipa jaji, mwendesha mashtaka na wakili wa serikali wakae Kasese mwezi mzima na kumaliza orodha, na Bunge lingeziba lile pengo la Ibara ya 23 kwa kuweka ukomo wa siku pia baada ya kesi kuhamishiwa Mahakama Kuu. Hadi hapo, mamlaka ya kuanza yapo tayari: Ibara ya 52 ya Katiba huipa Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, yenye ofisi Fort Portal, uwezo wa kuingia na kukagua gereza lolote, na Ibara ya 53 huiruhusu kuagiza aliyezuiliwa kinyume cha sheria aachiwe. Wabunge wa Kasese, mahakimu wa Kasese na Bwera, na maofisa wa Tume hiyo wana wajibu wa kudai kila mwezi orodha ya mahabusu wa Mubuku, Ibuga na Bwera waliopitisha siku 60 na siku 180, kuisoma jina kwa jina, na kuhakikisha kwamba kila aliye humo ama anapewa tarehe ya kesi ama anarudi nyumbani.